Geti Lililolala Juu ya Maji

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Pasi, na jina hilo lilimjia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kazi. Alipiga pasi mashuka ya hospitali, kwenye chumba cha kufulia kilichoko nyuma ya wodi ya wazazi, ambako mvuke ulikupiga usoni kabla hujamaliza kusalimia. Ya pili ni tabia yake: mtu aliyejikunja, yeye alimnyoosha. Mvivu, mlevi, mpangaji anayekwepa zamu ya kufagia uwanja, wote walipita mikononi mwake wakatoka hawana mkunjo. Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya nilimpa pole nikiwa kitandani kwangu. Nami nilinyooshwa, tena si mara moja, na ndiyo maana namweleza kwa heshima.

Mume wake tulimwita Cheche, kwa sababu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya mitaa ile ni kazi ya mkono wake, na unayatambua kwa kuwa hayalii yanapofunguliwa. Alikuwa akisema kwamba geti likilia, majirani wote wanajua saa aliyorudi mwenye nyumba. Wanaume wengi walimpenda kwa hilo peke yake.

Asubuhi moja akiwa karakana, mkono wake wa kulia uliachia kifaa cha kuchomelea bila yeye kuuambia. Akainama kukiokota, mguu nao ukamkatalia. Kilikuwa kiharusi. Hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa hai, tukamshukuru Mungu, lakini upande wa kulia ulibaki mzito, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Hakuwa mgonjwa mkorofi. Angekuwa mkorofi ingekuwa afadhali. Alinyamaza. Rafiki zake wa karakana walipokuja kumjulia hali, alizungusha kiti chake cha magurudumu akaelekea ukutani, akakaa hivyo mpaka wakaaga. Kijana wake wa kazi, ambaye Cheche alimfundisha ufundi tangu hajui kushika nyundo na sasa ana karakana yake mwenyewe, alikuja mara nyingi kuliko wengine. Tulimwita Mrefu, maana aliingia mlango wetu kwa kuinama. Mwishoni naye akaacha kuja. Mama Pasi aliamka alfajiri, akamwogesha mumewe, akamvalisha shati lililonyooka, akamnywesha chai, akaenda kazini, na aliporudi alimkuta pale pale, macho kwenye ukuta ule ule. Kuna ndugu waliomshauri amrudishe kwao akatunzwe na dada zake. Aliwajibu kwamba mume si mzigo uliokosa mwenyewe stendi.

Basi ikatokea wafanyakazi wa hospitali wakapanga kwenda kutembea ziwani. Ziwa letu halikuumbwa likiwa ziwa. Zamani pale palipita mto katikati ya vilima, ukazibwa kwa ukuta mkubwa wa zege ili tupate umeme na maji ya bomba. Bonde lote likajaa, na vilele vya vilima vikageuka visiwa. Sote tulikuwa tunayanywa maji yale kila siku, ila wengi wetu hatukuwahi kuyaona yalikotoka. Mama Pasi alikataa kwenda, akisema hana moyo wa kutembea huku mwenzake amekaa. Nilimwambia nitashinda na Cheche mimi mwenyewe, na kwamba akibaki nitamwambia mkuu wake wa kazi kuwa anaogopa maji. Akaenda, kwa hasira kidogo.

Jioni alirudi ameshika viatu mkononi, miguu ina tope mpaka kwenye vifundo, uso umeiva kwa jua. Nilimsikia kupitia ukutani akimsimulia mumewe. Alimweleza ukuta wa bwawa ulivyo mrefu mpaka watu wanaotembea juu yake wanaonekana kama siafu. Alimweleza miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu bonde lilipojaa, na ndege mweusi aliyetua juu ya tawi akafungua mabawa yote mawili, akatulia hivyo, anayakausha.

"Amejianika mwenyewe," alisema. "Bila kamba, bila vibanio."

Kisha nikaisikia sauti ya Cheche, sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Maji... rangi gani?"

Mama Pasi alichelewa kujibu. Baadaye aliniambia kuwa hakuchelewa kwa kutojua jibu. Lilikuwa swali la kwanza kumtoka mumewe tangu augue, na aliogopa kulijibu vibaya.

"Inategemea umesimama wapi," alimwambia. "Hili itabidi ulione mwenyewe."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Cheche hakutaka kutoka. Alikuwa fundi, watu walimzoea akiwa juu ya ngazi, kifua mbele, na sasa asukumwe kwenye kiti hadharani kama kitoroli cha sokoni. Mama Pasi hakumbembeleza wala hakumgombeza. Kila jioni alimwongezea kitu kimoja kuhusu ziwa, kisha akanyamaza na kuendelea na kazi zake. Mwenye njaa huonjeshwa, hashibishwi. Mwishowe siku moja Cheche alisema kwa shida kwamba watu watamtazama.

"Mimi sikupeleki watu wakutazame," mkewe alijibu. "Nakupeleka ukatazame maji. Watu watajijua wenyewe."

Tulikwenda siku yake ya mapumziko, kwa pikapu ya jirani anayeuza mbao. Mimi nilikaa nyuma pamoja na kiti cha magurudumu, nimekikumbatia kisiporomoke. Barabara ilipanda, ikazunguka kilima, na ghafla upande wa kushoto dunia yote ikawa maji. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona Cheche amegeuza shingo, na hakuirudisha mpaka tulipofika.

Palikuwa pahali pazuri kuliko nilivyotarajia. Chini ya miti palikuwa na viti vya mbao na njia iliyosakafiwa, kiti kikateleza vizuri. Familia zilikuwa zimetandika vitambaa kwenye majani, watoto wanakimbizana, na upepo uliotoka ziwani ulikuwa na baridi safi. Tulikula mkate na mayai ya kuchemsha tukiangalia visiwa. Karibu na ufuko maji yalikuwa ya kijani, mbele kidogo yakawa kama chuma kilichosuguliwa, na kule mbali yalikuwa ya bluu mpaka yakachanganyika na anga. Cheche alitazama kimya, lakini kimya hicho kilikuwa tofauti na kile cha ukutani.

Shida ilikuwa kwenye gati. Mwenye boti ya kutembeza wageni, mzee mcheshi tuliyemwita Nahodha, alikuwa tayari kutupakia, ila kuifikia boti yake ilibidi kushuka ngazi nyingi za zege. Alitueleza sababu. Maji ya bwawa hayatulii kimo kimoja. Masika yanapanda mpaka karibu na miti, kiangazi yanashuka kule chini kabisa, na kwa hiyo walijenga ngazi ili wageni wafuate maji yalipo. Akasema yeye na mwenzake wanaweza kumbeba mzee kwa uangalifu, wamekwisha kubeba wengine.

"Mimi si gunia," Cheche alisema.

Nahodha hakuudhika. Alivua kofia, akasema amemwelewa. Mama Pasi alikaa chini kando ya mumewe, akatangaza kwamba naye haendi. Cheche alimsukuma begani kwa ule mkono mzima.

"Nenda. Uone. Uniambie."

Tukaenda, mimi na yeye. Boti ilipita katikati ya ile miti iliyokufa, Nahodha akazima injini, na tukasikia maji yakigonga magogo taratibu. Ndege weusi walikuwa wengi sana, kila tawi na wake. Samaki aliruka karibu yetu, akaacha duara lililokua mpaka likatugusa. Nilimtazama Mama Pasi nikidhani nitamwona amefurahi. Alikuwa anatazama nyuma, kule gatini, ambako kiti kilionekana kama nukta nyeusi. Nadhani katika safari ile nzima hakuona kitu kingine.

Tuliporudi, Cheche hakuwa pale tulipomwacha. Alikuwa amejisukuma kwa mkono na mguu wa kushoto mpaka ukingoni mwa gati, jambo lililotaka kuniua kwa hofu, na alikuwa akitazama pipa la plastiki ambalo Nahodha alilifunga kwenye kamba ili kuonyesha nanga yake ilipo. Pipa lilipanda na wimbi, likashuka na wimbi.

"Geti," alisema alipotuona.

Mkewe alimuuliza geti gani.

"Geti. Lilale."

Nilimhurumia. Nilidhani jua limemzidi.

Tulielewa tulipofika nyumbani. Cheche aliomba, kwa kuonyesha kidole, beseni la kufulia, bakuli na kibao cha kukatia mboga. Akataka beseni liwekwe kando ya stuli likiwa na maji kidogo, na bakuli lielee ndani yake. Kibao akakilaza, ncha moja juu ya stuli, ncha nyingine juu ya bakuli. Kisha akamwashiria mkewe amimine maji zaidi kwenye beseni. Mama Pasi akamimina. Bakuli likapanda, na ile ncha ya kibao ikapanda nalo. Akachota maji kwa kikombe, bakuli likashuka, kibao kikalifuata. Cheche alishika ile ncha iliyokaa kwenye stuli, akaichezesha kwa vidole.

"Bawaba," alisema.

Yaani geti, lenye bawaba upande wa nchi kavu na mapipa upande wa maji. Badala ya kusimama, linalala. Maji yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, na mtu anapita juu yake na magurudumu yake mpaka kwenye boti. Mama Pasi alikaa kitandani akaweka jagi mapajani. Hakulia, ila aliniomba nikamletee chumvi, na nilipofika chumbani kwangu nikakumbuka kwamba hawakuwa wanapika chochote.

Kuanzia hapo mwanamke yule hakupoa. Alikwenda kwa msimamizi wa bustani ya ziwa, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, akiwa amevaa gauni lake la kanisani na amebeba kibao cha mboga ndani ya mfuko. Alijiandaa kwa mabishano makali. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amechoka kuwaona watu wakirudia ngazini, na kwamba kazi hiyo ikipitishwa na mhandisi wa bwawa, yeye ataipokea kwa mikono miwili. Mama Pasi alirudi nyumbani ameduwaa, maana alikwenda na silaha akakuta mlango wazi.

Mhandisi alikuja mwenyewe kwetu. Alikuwa mwanamume mpole, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akacheza na beseni na bakuli kama mtoto. Alilipenda wazo. Lakini akaonyesha kwamba kiangazi, maji yakishuka sana, geti litakuwa mteremko mkali na kiti kitakimbia na mtu wake. Lazima liwe refu zaidi, liwe katika vipande viwili na jukwaa la kupumzikia katikati, na mapipa yafungiwe ndani ya fremu yasije yakajiviringisha. Cheche alinuna. Alinuna siku hiyo na iliyofuata. Halafu wakati wa chai akasema, "Mhandisi... kweli." Mama Pasi alinijia uwanjani kunong'ona kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kumsikia mwanamume huyo akikubali kwamba mtu mwingine amepima vizuri.

Mapipa yalitoka chumba cha kufulia. Sabuni ya hospitali huja kwenye mapipa makubwa ya plastiki, na yakiisha hurundikwa nyuma ya jengo. Mama Pasi aliomba ruhusa, akayaosha mwenyewe, na kwa muda uwanja wetu ulinuka usafi kiasi kwamba hata inzi walihama. Vyuma vilitoka mtaani. Habari ilipoenea kwamba Cheche anatengeneza geti la ziwani, watu walioweka mageti mapya walitoa yale ya zamani, wengine walileta fremu za madirisha, na muuza mbao akatoa mbao za sakafu. Hakuna aliyetangaziwa. Walikuwa wanadaiwa na Cheche salamu tu, na hii ikawa njia ya kuifikisha.

Ilibaki mikono ya kuchomelea. Mama Pasi alimsukuma mumewe mpaka karakana ya Mrefu, nami nikawafuata. Mafundi walipomwona walizima mashine. Niliogopa atageuza kiti. Hakukigeuza. Mrefu alikuja akifuta mikono kwenye suruali, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane.

"Mzee, mimi nilijua umenikasirikia."

Cheche alitafuta maneno kwa muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia kuyatafuta.

"Nilijikasirikia... mimi."

Mrefu akainamisha kichwa. Kisha akasimama akauliza waanze na kipande kipi.

Walifanya kazi wiki nyingi. Cheche alikaa kwenye kiti, miwani ya giza usoni, fimbo mkononi. Akigonga sakafu mara moja, Mrefu alisimama. Akigonga mara mbili, aliendelea. Siku nyingine aligonga mara moja mara nyingi mpaka Mrefu akatishia kuificha fimbo. Jioni mkewe alimkuta ana vumbi la chuma kwenye nyusi, na alimwacha nalo kwanza, amtazame, kabla ya kumnawisha.

Siku ya kuliteremsha majini nusura mambo yaharibike. Tulikuwa wengi gatini, msimamizi na mhandisi wapo, Nahodha amevaa shati jeupe. Geti lilishuka, likaelea, watu wakapiga makofi. Mrefu akatembea juu yake kwa madaha mpaka mwisho. Kumbe pipa moja la kona lilikuwa na kifuniko kilichopasuka. Kona ile ikaanza kunywa maji polepole, jukwaa likainama, na Mrefu, kwa urefu wake wote, akateleza kama samaki akazama mpaka kifuani. Watu wakashika vinywa. Mama Pasi akamtazama mumewe kwa wasiwasi, akiogopa kwamba ataiona kuwa aibu na atarudi ukutani.

Cheche alikuwa anacheka. Kicheko chake kilikuwa cha upande mmoja, mdomo umeinuka kushoto tu, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Alicheka mpaka Mrefu naye, aliyesimama majini na kofia inaelea pembeni, akaanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Pipa likabadilishwa. Mhandisi akalipima geti kwa mifuko ya mchanga, akaliangalia tena wiki iliyofuata, ndipo akatoa idhini.

Cheche alikuwa wa kwanza kupita. Mama Pasi alitaka kusukuma, akakatazwa. Mwanamume alijisukuma mwenyewe, mkono wa kushoto kwenye gurudumu, mguu wa kushoto ukikanyaga mbao, akaenda upande upande kama kaa, akapumzika kwenye jukwaa la katikati, akaendelea. Geti lilipanda na kushuka chini yake kwa upole, na bawaba hazikulia. Nahodha akafunga kiti kwa mikanda, akatuvalisha wote jaketi za uokozi, tukang'oa nanga.

Nahodha alizima injini pale kwenye miti, kama ile siku ya kwanza. Ndege mweusi mmoja alikuwa karibu sana, amefungua mabawa, jicho lake la kijani likatutazama bila hofu. Cheche alimtazama mpaka nikadhani hatapepesa macho tena. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto nje ya boti akautia majini, akauacha uelee. Baadaye akauchukua ule wa kulia, ule uliomkatalia, akauinua kwa mkono mzima kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akauingiza nao majini. Mkewe alisogea akamshika shati kwa nyuma asije akaanguka.

Mkono ule haukupona, nisije nikawadanganya. Hata maneno bado yanamtoka moja moja. Lakini ukuta umekosa mtazamaji. Rafiki zake wa karakana wamerudi, na wanalalamika kwamba siku hizi haondoki kwenye bao. Geti lile limewapitisha wengi: bibi mmoja aliyetaka kuona kisiwa ambacho utotoni kilikuwa kilima chao cha kuchungia mbuzi, binti aliyezaliwa miguu haina nguvu, wajawazito, na wazee wasiotaka kukiri kwamba magoti yamechoka. Msimamizi aliniambia kuwa mabwawa mengine mawili yameomba kuja kuliangalia.

Mwezi uliopita nilikwenda nao tena. Ni kiangazi, maji yameshuka, na ufuko umeacha mikanda ya udongo mwekundu kuzunguka visiwa. Mama Pasi amestaafu, na ameamua kwamba katika umri wake ule atajifunza kuogelea. Msimamizi amemtengea ghuba ndogo yenye maji ya kiunoni, na anafundishwa na yule binti, ambaye nje ya maji hatembei lakini ndani ya maji hakuna wa kumfikia. Nilimkuta Mama Pasi amelala chali juu ya maji, macho ameyafumba kwa nguvu, binti amemshikilia kichwa kwa viganja viwili, akimwambia, "Bibi, legeza shingo. Maji yenyewe yatakubeba." Cheche alikuwa ufukoni chini ya kivuli, taulo limekunjwa mapajani, akiwatazama.

"Anaweza?" nilimuuliza.

"Ata... weza," alisema, akalifungua taulo akalishika tayari.